Kufunga waya za meno wakati mfupa umeshapungua na fizi zimepandikizwa: safari yangu yote

Subira_K (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Nilijiwekea ahadi kwamba siku waya zikitolewa nitakuja kuandika hapa. Zimetolewa wiki tatu zilizopita. Najua wapo wenzangu walioambiwa mfupa wa meno umepungua na bado wanatamani meno yao yakae sawa. Nilipokuwa nahangaika sikupata mtu aliyelieleza jambo hili kwa lugha yetu tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo nitaandika kwa urefu. Mnivumilie.

Nina miaka 41. Meno ya mbele juu yalianza kuachana nikiwa na kama 35. Pakatokea mwanya ambao haukuwepo, halafu jino moja likawa linashuka na kuonekana refu kuliko jirani yake. Nilidhani ni umri. Fizi zilikuwa zikitoka damu nikipiga mswaki, nami nikawa naipitia sehemu hiyo kwa kuogopa ili damu isitoke. Leo naelewa kwamba ukoga nilikuwa nauacha palepale penye ugonjwa, kwa miaka.

Daktari wa kwanza aliyenipima sawasawa alitumia kijiti chembamba chenye alama za milimita. Anakiingiza taratibu kati ya jino na fizi, sehemu sita kwa kila jino, huku akimtajia msaidizi namba. Fizi nzima husoma 1 mpaka 3. Yangu zilikuwa zinakuja 5, 6, 7, na damu juu. Eksirei ikaonyesha meno manne ya juu mbele yamepoteza kama theluthi ya mfupa unaoshika mizizi. Chini mbele tatizo lilikuwa la aina nyingine: fizi zimeshuka, mizizi iko nje, na fizi iliyobaki ni nyembamba kiasi kwamba kijiti kikiwa ndani unakiona kwa nje kama kitu kilicho nyuma ya pazia.

Sasa sikilizeni nilichoambiwa. Mahali pa kwanza: "Waya usahau kabisa, meno yatang'oka." Mahali pa pili walikuwa tayari kunifunga wiki ileile, na hawakunipima fizi hata jino moja. Nilitoka kote kuwili nikiwa sijui nimwamini nani. Wa tatu alikuwa daktari bingwa wa fizi, na yeye ndiye aliyenipa maneno ninayotaka kila anayesoma hapa aondoke nayo: kinachozuia waya ni ugonjwa ambao bado unaendelea. Jino lenye mfupa mchache, ugonjwa ukiwa umetulia, linaweza kusogezwa.

Alinieleza hivi. Jino halijajengewa moja kwa moja kwenye mfupa. Kati yake na mfupa kuna nyuzi laini zinazolishikilia. Waya inaposukuma, upande unaobanwa seli zinakula mfupa, na upande unaovutwa seli nyingine zinajenga mfupa mpya. Hivyo ndivyo jino linavyosafiri, takribani milimita moja kwa mwezi. Lakini fizi ikiwa imevimba na bakteria wamejaa chini yake, ulaji unashinda ujenzi. Zaidi ya hapo, jino likisukumwa huku lina ukoga shingoni, ukoga ule unaweza kuingizwa chini ya fizi. Unakuwa unalipanga jino na kulipoteza kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo tulianza na usafi. Nilikwanguliwa ugaga chini ya fizi kwa ganzi, robo moja ya mdomo baada ya nyingine, nikafundishwa upya kupiga mswaki na kutumia brashi ndogo za katikati ya meno. Miezi mitatu baadaye tukapima tena. Mifuko mingi, yaani zile nafasi kati ya jino na fizi, ilikuwa imerudi 3 na 4, bila damu. Miwili ilibaki 6, ikafanyiwa upasuaji mdogo wa kusafisha. Baada ya hapo ndipo lilipokuja suala la kupandikiza fizi.

Nitaendelea chini kidogo.

Subira_K

Kupandikiza. Kwa nini nilipandikizwa fizi za meno ya chini kabla ya waya? Kwa sababu mpango wa daktari wa kupanga meno ulihitaji meno hayo yasogee mbele kidogo. Ukuta wa mfupa mbele ya meno ya chini ni mwembamba hata kwa mtu mzima wa afya. Ukisukuma mzizi kuelekea huko na fizi iliyoufunika nayo ni nyembamba, fizi inashuka zaidi.

Walichukua kipande cha nyama ya ndani kutoka kaakaani na kukishonea chini ya fizi za mbele. Niwaambie ukweli: sehemu iliyopandikizwa haikunisumbua sana. Kaakaa ndilo lililonitesa kwa siku kama tano, linawaka kama umeunguzwa na kitu cha moto.

Jambo moja ambalo kila mtu alijue: kile kipande kikiwekwa hakina mshipa hata mmoja wa damu. Siku za mwanzo kinaishi kwa kunyonya majimaji ya pale kilipolazwa, halafu mishipa midogo inaanza kukua kuingia ndani yake. Kikitikisika siku hizo, kinakufa. Ndiyo maana unakatazwa kuvuta mdomo ili ukitazame kwenye kioo, na kupiga mswaki sehemu hiyo mpaka uruhusiwe. Nilikuwa na hamu kubwa ya kutazama. Nilimpa mke wangu kioo cha mkononi akakifiche.

Nyuzi zilitolewa baada ya wiki mbili. Fizi iliendelea kubadilika kwa miezi, inatulia, rangi inakaribiana na majirani. Tulisubiri miezi minne kabla ya waya.

Neema_wa_Jioni

Kaka Subira, asante sana, umeniandikia mimi kabisa. Nimepandikizwa fizi meno mawili mwezi uliopita na nimeambiwa pia nina upungufu wa mfupa. Swali langu: fizi ikishapandikizwa, mfupa nao unarudi? Maana nilitoka pale nikiamini nimemaliza tatizo.

Subira_K

Hapana dada Neema, na hata mimi nilichanganya mambo hayo mawili kwa muda. Kupandikiza fizi kunaleta fizi: nene zaidi, imara zaidi, inafunika mzizi. Mfupa ni kazi nyingine. Tena kuna uhusiano ambao sikuujua. Kiasi ambacho mzizi utafunikwa kinategemea mfupa uliopo katikati ya jino na jirani yake. Mfupa huo ukiwa kamili, mzizi unaweza kufunikwa wote. Ukiwa umeshuka, fizi itapanda sehemu tu, hata mpasuaji awe hodari vipi. Kwangu jino moja limefunikwa lote, jingine limebaki na kama milimita moja na nusu wazi. Nilielezwa mapema, kwa hiyo sikusononeka.

Mti_Mkavu

Mimi nitakuwa wa kupinga hapa. Mdogo wangu alifungwa waya akiwa na tatizo hilohilo. Mwaka mmoja na nusu. Leo hana meno mawili ya mbele. Waliomfunga walimwambia kutoka damu ni kawaida ukiwa na waya. Kila akienda wanakaza, wanabadilisha raba, anarudi nyumbani. Hakuna aliyemwingizia kijiti hicho unachokisema. Kwa hiyo watu wakija humu kusifia waya kwa wenye mfupa mdogo, mimi moyo unaniuma. Heri meno yaliyopinda yaliyoko mdomoni.

Subira_K

Pole sana ndugu yangu, pole kwa mdogo wako. Sitabishana nawe kwa sababu ulichokisimulia ndicho kingenipata mimi pale mahali pa pili. Kutoka damu si kawaida, ukiwa na waya au usipokuwa nazo. Niruhusu tu niseme kwamba kwake ugonjwa ulikuwa hai na hakuna aliyeuangalia. Kwangu kila baada ya miezi mitatu, kwa muda wote wa waya, nilirudi kwa daktari wa fizi kupimwa na kusafishwa, mbali na ziara za waya. Na tulikubaliana tangu mwanzo: kijiti kikionyesha ugonjwa umerudi, waya inalegezwa, haisukumi kitu mpaka fizi itulie. Ilitokea mara moja, mwezi wa nane wa waya, gego moja la juu. Tulisimama wiki sita.

Na heri meno yaliyopinda kwa mtu ambaye hayuko tayari kurudi kila miezi mitatu. Hapo nakuunga mkono kabisa.

Mhudumu_Kinywa

Salaam wakuu. Nafanya kazi kwenye tiba ya kinywa, nimeusoma uzi wote. Mwanzisha uzi amesema vizuri, naomba niongeze mambo ambayo mgonjwa mara nyingi haambiwi.

La kwanza ni nguvu. Fikirieni nguzo iliyochimbiwa ardhini. Ikiwa imezama kina cha kutosha, ukiisukuma inakataa. Ondoa udongo wa juu theluthi moja, isukume palepale kwa nguvu ileile: inalala. Jino lililopoteza mfupa liko hivyo. Sehemu ambayo jino linapata ukinzani wake imeshuka kuelekea ncha ya mzizi, na waya bado inasukuma juu kabisa kwenye taji, ile sehemu ya jino inayoonekana. Matokeo yake jino linainama badala ya kusogea likiwa wima. Tena eneo la mzizi lililobaki ndani ya mfupa ni dogo, kwa hiyo nguvu ile inagawanyika kwenye sehemu ndogo na inakuwa kali. Anayejua kazi anatumia nguvu ndogo kuliko kawaida na anapangilia waya izuie kuinama. Wakati mwingine anaweka skrubu ndogo kwenye mfupa ili isiwe meno dhaifu ndiyo yanayovuta meno dhaifu mengine. Muulizeni daktari wenu: "Kwa mfupa wangu huu, utabadilisha nini kwenye nguvu?" Asipokuwa na jibu, mmeshapata jibu.

La pili, meno ya mbele kuachana na kurefuka kama ya mwanzisha uzi ni dalili inayojulikana ya mfupa kupungua. Midomo, ulimi na kuuma vinayasukuma meno ambayo hayana tena mshiko. Kuyarudisha si urembo tu. Jino lililotoka nje ya mstari linagongwa vibaya kila mtu anapouma, na kugongwa huko kunalilegeza zaidi.

La tatu, si kila mtu apandikizwe kabla ya waya. Jino linalosukumwa kwenda nje likiwa na fizi nyembamba, ndiyo, mara nyingi tunatanguliza. Lakini jino ambalo limetoka nje na waya itakuja kulirudisha ndani ya mfupa, fizi yake inaweza kunenepa yenyewe likirudi. Hapo kusubiri kuna maana.

Neema_wa_Jioni

Mhudumu, Mungu akubariki. Mimi kuna jino moja wameweka pia unga wa mfupa, walisema mfupa ulishuka kama shimo pembeni. Nisubiri muda gani kabla ya waya?

Mhudumu_Kinywa

Shimo la pembeni ndilo linalokubali kujengwa upya, kwa sababu lina kuta za kushikilia. Mfupa ulioshuka wote kwa usawa haurudi kwa urahisi. Kuhusu muda, zamani wengi walisubiri miezi sita au zaidi bila kuuliza. Kuna utafiti uliochapishwa 2021 uliolinganisha wagonjwa walioanza kusogezwa meno wiki nne baada ya upasuaji wa namna hiyo na walioanza miezi sita baadaye, na baada ya mwaka mmoja makundi hayo mawili hayakuachana kwa maana kubwa. Lakini wale walikuwa chini ya uangalizi mkali, na mifuko yao mingine ilikuwa imeshatibiwa. Kwako anayeamua ni daktari aliyekupasua, si kalenda.

Kito_cha_Pwani

Wakuu, kati ya waya za kawaida na zile trei za plastiki za kuvaa na kuvua, kipi kinafaa kwa fizi zilizopasuliwa? Mimi naelekea kwenye plastiki kwa sababu ya usafi.

Subira_K

Nilijiuliza swali hilo mwezi mzima. Plastiki unaivua, unapiga mswaki kama kawaida, unairudisha. Kwa fizi ni faida kubwa. Tatizo ni nidhamu: inatakiwa mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku, na kila unapokula inabidi usafishe kabla ya kuirudisha, la sivyo umefungia mabaki juu ya fizi. Kwangu jino moja lilipaswa kurudishwa juu na mizizi kunyooshwa, na daktari aliona waya zinamwezesha zaidi. Kwa hiyo nilifungwa.

Ila zilifungwa kwa namna tofauti na za vijana. Magego hayakuvishwa pete za chuma, kwa sababu pete inakaa karibu na fizi na kukusanya uchafu, wakagundisha vifungo vidogo tu. Badala ya raba za rangi walinifunga kwa waya nyembamba za chuma, maana raba hushika ukoga. Na gundi iliyozidi karibu na fizi aliikwangua mpaka ya mwisho. Nilikuwa namwona akichungulia kila jino kwa lenzi na nikajua niko mikononi mwa mtu makini. Haya mambo madogo ombeni, hata kama mtaonekana wasumbufu.

Usafi wangu kila usiku ulichukua dakika 15. Brashi ndogo za katikati za saizi tatu, kwa sababu nafasi hazilingani: penye mfupa ulioshuka inaingia kubwa, penye mfupa mzima ndogo kabisa. Brashi isiyogusa pande zote mbili haisafishi. Kisha mswaki laini, nywele zimeelekezwa kwenye mstari wa fizi, juu ya waya halafu chini ya waya. Kwenye fizi iliyopandikizwa nilikuwa nashika mswaki kwa vidole vitatu ili nisikandamize, maana kusugua kwa nguvu ndiko kulikozishusha mwanzo, pamoja na wembamba niliozaliwa nao.

Kito_cha_Pwani

Na zile nafasi nyeusi za pembetatu karibu na fizi? Rafiki yangu alimaliza waya, meno yamenyooka lakini amebaki nazo na anaona aibu kucheka.

Mhudumu_Kinywa

Hizo zinatokana na mfupa. Ile ncha ya fizi inayojaza kati ya meno inahitaji mfupa chini yake. Kuna kipimo kilichochapishwa 1992 ambacho bado tunakitumia: kutoka kilele cha mfupa hadi mahali meno mawili yanapogusana. Ikiwa ni milimita 5 au chini, karibu mara zote fizi inajaza. Ikiwa 6, ni kama nusu tu ya nafasi zinazojaa. Ikiwa 7, kama robo. Kwa aliyepoteza mfupa, pembetatu hizo wakati mwingine zilikuwepo tangu mwanzo lakini zilifichwa na meno kupandana. Daktari anaweza kupunguza kidogo sana pembeni mwa meno, sehemu ndogo ya milimita, yagusane chini zaidi na kusogeana. Pembetatu inapungua, pengine isifungike kabisa. Jambo hili lisemwe kabla ya kuanza.

Subira_K

Kwangu zilikuwa tatu. Mbili zimefungwa kwa njia hiyo, moja imebaki. Naiona kila asubuhi na nimeshaizoea.

Niseme pia kuhusu hofu, kwa sababu hakuna aliyeniandaa. Jino likiwa linasogezwa linalegea. Kwa mtu wa kawaida ni jambo dogo. Kwa mtu aliyekwisha kuambiwa meno yake yanaweza kung'oka, ukiamka usiku ukaligusa kwa ulimi likacheza, moyo unakwenda mbali. Mwezi wa tatu wa waya nilimpigia daktari karibu nikilia. Aliniita, akapima, mifuko ilikuwa 3, damu hakuna, akasema linacheza kwa sababu linafanya kazi. Kuanzia siku hiyo namba za kijiti ndizo zilizonituliza, si ulimi wangu. Mwezi wa sita walipiga eksirei kuangalia kama ncha za mizizi zinafupika, maana hilo nalo hutokea. Zilikuwa salama.

Jumla ilikuwa miezi 19. Sasa nina waya nyembamba imegundishwa nyuma ya meno ya mbele juu na chini, pamoja na plastiki ya kulalia. Hii ni ya maisha, wakuu. Meno yenye mfupa kamili tu hurudi yalikotoka, sembuse haya. Na waya ya nyuma nayo ikaguliwe: ikiachia jino moja bila wewe kujua, jino hilo linaondoka peke yake, na waya iliyopinda inaweza kulizungusha taratibu na kuutoa mzizi nje ya mfupa. Miezi mitatu kwa daktari wa fizi inaendelea vilevile.

Mti_Mkavu

Nimesoma yote. Nimempelekea mdogo wangu uzi huu. Anataka kujua kama aliyebaki na meno yenye hali hiyo anaweza bado kutibiwa fizi, waya pembeni.

Mhudumu_Kinywa

Anaweza, na aende mapema, mapengo yasubiri. Aulizwe pia kuhusu sigara na apimwe sukari kama hajapimwa, vyote viwili vinaharibu fizi na kuchelewesha kupona. Achukue eksirei zake za zamani kule alikofungwa, ana haki nazo. Zitaonyesha mfupa ulishuka kwa kasi gani.

Neema_wa_Jioni

Nimerudi wakuu. Leo nimepimwa fizi zote kwa mara ya kwanza, niliomba mwenyewe karatasi ya namba. Karibu kote 2 na 3. Lakini gego la chini kushoto, nyuma, 6 na damu. Daktari wa waya ana nafasi Jumatatu na anasema gego hilo haliguswi kwenye mpango wake. Nifungwe?

Subira_K

Dada Neema, karatasi hiyo itunze, ndiyo mwanzo wako. Kuhusu Jumatatu, mimi nisingekubali. Gego halisogezwi, ni kweli, lakini waya zikishafungwa kulisafisha kutakuwa kugumu zaidi, na ni la nyuma kabisa ambako mkono haufiki vizuri. Rudi kwanza kwa aliyekupima, mwonyeshe hiyo 6, litibiwe, mpime tena baada ya miezi mitatu. Mwombe daktari wa waya akuhifadhie nafasi ya baadaye, na uwaombe hao wawili wazungumze wao kwa wao kwa simu. Wangu walizungumza, na hiyo ndiyo siku nilipoacha kubeba habari zao kichwani.

Neema_wa_Jioni

Nimeahirisha Jumatatu. Gego linasafishwa Alhamisi. Nitaleta namba mpya hapahapa.